Adabu ya Kukatizwa

Hapana kazi duniani isiyokatizwa. Mkulima hukatizwa na mvua, mama hukatizwa jikoni na kilio cha mtoto, mwalimu hukatizwa na swali, na mwandishi hukatizwa na hodi mlangoni. Walio wengi huhesabu katizo kuwa adui wa kazi, na mtu mwenye shughuli kubwa hutamani nyumba isiyo na mlango. Lakini nyumba isiyo na mlango ni kaburi, na mtu asiyekatizwa na lolote ni maiti. Kwa hiyo swali lenye faida si namna ya kuyakwepa makatizo, bali ni namna ya kukatizwa kwa adabu: nani asikilizwe kwanza, asikilizwe kwa muda gani, na aliyekatizwa arudi vipi mahali alipoachia. Swali hili ni la kale kama ujirani. Hata hivyo, jibu lake mojawapo lililo safi kabisa limo mahali ambapo watu hawatazamii kukuta adabu, nalo ni ndani ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Kabla ya kukitazama kipande hicho yafaa kuisikiliza kengele. Peramiho ipo katika nchi ya Wangoni, kiasi cha kilomita 24 magharibi ya mji wa Songea. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa hapo mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss. Iliteketezwa kwa moto mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji, mwaka ule ule ambao Spiss, aliyekuwa amekwisha kupata uaskofu, aliuawa akiwa safarini. Misheni ikajengwa tena, na mwaka 1931 ikapewa daraja la abasia. Kando ya kanisa pana hospitali ya Mtakatifu Yosefu, pana karakana za mafundi, na pana kiwanda cha uchapaji ambacho kimetoa vitabu vingi vya Kiswahili. Juu ya kazi zote hizo hupita sauti ya kengele, ambayo mara kadhaa kwa siku huwaita watawa waache walichoshika na kwenda kusali.

Desturi hiyo haikuanza Peramiho. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, humtaka mtawa asikiapo ishara ya sala aache mara moja kilichomo mikononi mwake. Na kabla ya Benedikto, Yohane Cassian, ambaye jina lake hufanana na la mwanzilishi wa Peramiho, alisimulia habari za watawa wa Misri wa zamani zake. Kwao mwandishi aliyesikia mlango ukibishwa hakuthubutu hata kuimaliza herufi aliyoianza. Aliiacha nusu, akainuka. Msomaji wa leo huweza kustaajabia utii huo. Lakini fundi wa elektroniki husikia ndani ya kisa hicho jambo la pili, nalo ni swali: je, aliporudi, aliijuaje nusu ya herufi iliyosalia?

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, hali ya kijana mmoja fundi aliyepanga chumba Peramiho, mahali ambapo kengele ya abasia husikika vizuri. Kijana huyu alikuwa akitengeneza chombo cha kuangalia dripu. Kazi ya chombo ilikuwa kuhesabu matone, kutambua kiputo cha hewa katika mpira, kupokea amri kwa kitufe, kupokea maagizo kwa waya kutoka meza ya muuguzi, na kuandika hesabu yote katika kioo kidogo. Chombo kiliendeshwa na maikrokontrola, yaani mashine ya kukokotoa ambayo akili yake, kumbukumbu yake na miguu yake ya kupokelea habari vimo pamoja katika kipande kimoja. Mashine za namna hii hukaa ndani ya mita za umeme, ndani ya magari, ndani ya mizani za dukani na ndani ya simu. Hazina mtu wa kuzisimamia; huishi na programu zao tangu siku ziwashwapo hata siku ziharibikapo.

Programu ya kwanza ya kijana ilikuwa ya kuchungulia. Mashine iliutazama mguu wa matone, ikautazama wa kiputo, ikautazama wa kitufe, ikaandika katika kioo, kisha ikaanza tena mwanzo. Ilikuwa kama mwenyeji asiyeamini masikio yake, ambaye huinuka kila dakika kwenda kuangalia kama mlangoni pana mtu. Mwenyeji huyo huchoka bure wakati hapana mgeni, na mgeni akija wakati yeye yupo uani, hujiendea zake. Ndivyo ilivyokuwa. Katika mipira mingi ya dripu, matone 20 hufanya mililita moja, hivi kwamba lita moja ikipangiwa saa nane, matone 42 hivi huanguka kila dakika. Tone moja huupita mwali wa nuru ya kuhesabia kwa milisekunde chache tu. Mashine ilipokuwa ikiandika katika kioo, tone lilianguka bila kuonekana. Hesabu ikapungua kuliko kweli. Na muuguzi aaminiye hesabu pungufu hufungua dripu zaidi, na mtoto mdogo aliyelala kitandani hujazwa maji kuliko mwili wake uwezavyo kustahimili.

Dawa ya kasoro hii ni ile waliyoijua watu wa pwani na wa bara tangu zamani, nayo ni hodi. Mwenyeji na ashughulike na kazi yake. Mgeni ndiye ajitangaze. Katika mashine, hodi hiyo huitwa katizo. Tone likipita, umeme katika mguu wa mashine hubadilika, na bendera ndogo hupandishwa ndani yake. Mashine huimaliza amri moja iliyo mkononi, huandika mahali ilipofikia, huiacha programu kuu, huenda kwenye programu fupi iliyowekwa kwa ajili ya tone, huongeza moja katika hesabu, kisha hurudi. Katika maikrokontrola iitwayo ATmega328P, ambayo imo katika bodi nyingi za Arduino, safari ya kwenda mlangoni huchukua mapigo manne ya saa yake ya ndani, au zaidi kidogo. Mapigo hayo yakiwa milioni 16 kwa sekunde, manne ni robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tone halina nafasi ya kutoroka.

Hapa ndipo mashine ipishanapo kidogo na mtawa wa Misri. Mtawa aliiacha herufi nusu; mashine hii huimaliza herufi, bali haimalizi neno. Na kabla ya kuondoka hufanya jambo lililo asili ya adabu yote: huweka alama. Mahali ilipofikia huwekwa juu ya rundo katika kumbukumbu, mfano wa sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambazo iliyowekwa mwisho ndiyo iondolewayo kwanza. Katizo likikatizwa na katizo jingine, sahani huongezwa. Na wakati wa kurudi, la mwisho hufungwa kwanza, kisha la kabla yake, hata mashine ifike tena katika kazi yake ya awali, pasipo kuruka hatua moja wala kuirudia.

Lakini kujua mahali hakutoshi. Mtu aliyekatizwa akifanya hesabu huhitaji kukumbuka ukurasa, na pia ile tarakimu aliyoishika kichwani. Mashine nayo ina tarakimu za kichwani, ziwekwazo katika vijumba viitwavyo rejesta. Katika jamii ya maikrokontrola iitwayo Cortex-M3, chuma chenyewe huziweka rejesta nane juu ya rundo kabla ya kwenda kujibu, na kazi hiyo pamoja na kufika mlangoni humalizika katika mapigo 12. Katika ATmega328P, chuma huweka mahali tu. Tarakimu za kichwani ni juu ya mwandishi wa programu, au mfasiri wa programu yake, kuzihifadhi. Akisahau, mgeni hupokewa vizuri na kuagwa vizuri, kisha mwenyeji hurudi kazini akiwa na tarakimu za mgeni kichwani mwake badala ya zake. Huendelea na kazi kwa bidii ile ile, na kila afanyalo ni kosa. Watu wa namna hii wapo wengi, na si katika silikoni peke yake.

Kijana alipokwisha kuyaweka makatizo, chombo kikahesabu sawasawa siku tatu. Siku ya nne kioo kikaonyesha matone 511, hali matone yaliyoanguka yalikuwa 256. Mara moja tu. Kisha hesabu ikawa sahihi tena. Alikesha usiku mmoja akilitafuta kosa hilo, na halikurudi. Sababu yake, alipoipata, ilikuwa ndogo na ya kutisha. ATmega328P hubeba tarakimu kwa mafungu ya biti nane, na fungu moja halizidi 255. Hesabu kubwa kuliko hiyo hukaa katika mafungu mawili, la chini na la juu, nayo husomwa kwa amri mbili. Hesabu ilikuwa 255, yaani chini 255 na juu sifuri. Programu kuu ililisoma fungu la chini, ikapata 255. Katika nafasi ile ile, kabla ya kulisoma la juu, tone likaanguka. Katizo likaingia, likaongeza moja, hesabu ikawa 256, yaani chini sifuri na juu moja. Mashine ikarudi pale pale ilipoachia, kwa uaminifu kamili, ikalisoma fungu la juu, ikapata moja. Ikaunganisha nusu ya jana na nusu ya leo: 256 na 255, jumla 511.

Basi mwaminifu alirudi mahali pake, lakini mahali pake palikuwa pamebadilika. Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959 ilishughulikia makatizo ya mashine iitwayo X1, alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza kuiona hatari ya jambo hili: kosa litokalo kwa bahati ya wakati haliji likiitwa, na jaribio lililofaulu mara elfu si ushahidi kwamba halipo. Kinga haipatikani kwa kujaribu tu, bali kwa kufikiri. Nayo kinga ni hii: kabla ya kulisoma fungu la kwanza, mashine hufunga mlango; husoma yote mawili; kisha hufungua. Wakati mlango umefungwa, makatizo hayaingii. Yako mambo machache ambayo yakigawanyika huwa uongo, na mambo hayo yana haki ya kufungiwa mlango.

Lakini mlango uliofungwa una deni lake. Akija mgeni wakati huo, bendera yake hupandishwa na kungoja, naye hupokewa mlango ufunguliwapo. Akija mara ya pili kabla ya kupokewa, bendera haipandi mara mbili; imekwisha kuwa juu. Hodi mbili huhesabiwa moja, na ya pili hupotea kana kwamba haikuwahi kutokea. Kwa hiyo sheria ya mafundi ni kwamba mlango ufungwe kwa muda mfupi kuliko nafasi iliyopo kati ya hodi mbili.

Sheria hiyo kijana aliijua kwa mashine, asiijue kwa nafsi yake. Siku aliyokuwa akilitafuta kosa la 511, mdogo wake wa kike alifika mlangoni. "Hodi, kaka." Akajibu pasipo kugeuka, "Ngoja kidogo." Baada ya muda msichana akabisha tena, naye akajibu neno lile lile, au labda alidhani amejibu. Desturi ya hodi ni tatu, na asiyejibiwa huondoka pasipo kinyongo. Ya tatu ilipita wakati kijana ameinamia meza. Alipofungua mlango jua lilikuwa limekwisha kupunguka, na hapakuwa na mtu. Jirani akamwambia kwamba mama yao ameletwa kutoka kijijini kwa pikipiki, ana homa kali, amelazwa, na binti alikuja kumwomba kaka yake shuka na fedha. Hapana jambo baya lililofuata, mama alipona. Lakini kijana alijua ya kuwa kupona huko hakukutokana na yeye.

Aibu hiyo ilimfanya alitazame upya swali alilokuwa amelipita haraka, yaani swali la nani atangulie. Katika ATmega328P sababu za katizo ni 26, na cheo hutokana na kiti. Iliyo karibu na mwanzo wa orodha hutangulia: kwanza kuwashwa kwa mashine yenyewe, kisha miguu miwili ya nje, kisha zile nyingine, hata ifike zamu ya waya wa maagizo, ambaye ni wa 19. Fundi hawezi kuibadili orodha. Awezalo ni kuchagua nani akae kiti gani. Tena mashine hii, ikiwa ndani ya katizo moja, haimpokei mwingine mpaka imalize, isipokuwa fundi ameruhusu kwa makusudi. Katika Cortex-M mambo ni mapana zaidi. Fundi humwandikia kila mgeni namba ya daraja lake, na wa daraja la juu huweza kumkatiza wa daraja la chini aliye katikati ya mazungumzo. Namba ndogo ndiyo daraja kubwa. Na wapo watatu walio chini ya sifuri, ambao fundi hawezi kuwashusha: kuwashwa upya ni hasi tatu, katizo lisilokataliwa ni hasi mbili, na ajali kubwa ya mashine yenyewe ni hasi moja.

Kwa hiyo fundi hana budi kuandika namba, na namba haikubali maneno ya heshima. Hawezi kuandika kwamba wote ni muhimu. Kanuni ya Benedikto yenyewe ilikabiliwa na shida hii. Katika sura moja hukataza kitu chochote kisitangulizwe mbele ya sala ya jumuiya. Katika sura nyingine huagiza kwamba kuwatunza wagonjwa kuwe kabla ya mambo yote. Wa kwanza ni nani basi, ikiwa kengele yalia abasiani na katika hospitali iliyo jirani mama anatokwa na damu? Kanuni haikuandika namba, lakini iliacha njia. Katika sura ya 50 husema kuhusu walio mbali kazini, kwamba nao watimize sala papo hapo walipo. Maana yake ni kwamba sala iliyokosa wakati wake kanisani yaweza kupata mahali pengine. Maji yakimwagika hayazoleki, na damu ni zaidi ya maji. Kiwezacho kungoja na kingoje, hata kikiwa kitukufu.

Mafundi wa mashine walilifikia jambo hilo kwa njia ya hesabu. Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walionyesha kwamba, kazi zijirudiazo zikigawiwa madaraja yasiyobadilika, mgao ulio bora ni kumpa daraja la juu yule ambaye zamu yake hurudi upesi zaidi. Si aliye mkubwa, wala si aliye mzito, bali asiyeweza kungoja. Kijana alipokiweka chombo chake katika mizani hiyo, alishangaa. Kitufe alikuwa amekipa kiti cha mbele kwa sababu kilibonyezwa na mtu, na mtu ana heshima. Lakini kidole cha binadamu hakitambui kungojeshwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kiputo cha hewa ni habari ya uhai; hata hivyo maji ya dripu huenda polepole, na kiputo kikingojeshwa milisekunde moja hakisogei umbali wa kudhuru. Waya wa maagizo ndio aliokuwa ameudharau. Nao, kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, huleta herufi moja kila milisekunde hivi, na kisanduku cha kuzipokelea kina nafasi ya herufi mbili tu. Herufi isiyopokewa humwagika, na agizo lililopungua herufi moja laweza kuwa agizo jingine.

Kwa hiyo herufi, ambayo si kitu, ilipaswa kupishwa na kiputo, ambacho ni uhai. Na kiputo hakikupoteza chochote, kwa sababu kuipokea herufi huchukua sehemu chache za milioni ya sekunde. Lakini huruma hii ina sharti. Mwenye haki ya kutangulia ana wajibu wa kuwa mfupi. Herufi ikishapokewa na iwekwe kando. Kuisoma na kuifikiri ni kazi ya baadaye, wakati mlangoni hapana mtu. Akiyasahau hayo, mwenye haraka huwa dhalimu, na waliompisha kwa wema huangamia nyuma yake. Kanuni ya Benedikto humweka langoni mzee mwenye busara, ajuaye kupokea neno na kutoa jibu, ajibuye mara tu mtu anapobisha au maskini anapoita. Kazi yake si kumtibu mgonjwa wala kumpikia mgeni pale pale langoni. Kazi yake ni kupokea na kufikisha. Mabawabu wengi wa dunia, na wenye ofisi zaidi yao, hukosea hapo: ama hawajibu, ama hujibu kwa urefu hata foleni ikafika barabarani.

Yupo pia mgeni asiyekataliwa, naye ni giza. Kabla ya gridi ya Taifa kufika Songea mwaka 2018, mji ulitegemea majenereta ya dizeli, pamoja na, tangu 2015, umeme wa maji wa Tulila katika mto Ruvuma, ambao ulijengwa na masista Wabenediktini wa Chipole. Mwananchi aliyenunua umeme wake kwa Luku, yaani kulipa kadiri atumiavyo, hununua tarakimu zilizomo ndani ya mita. Umeme ukikatika, maikrokontrola ya mita ya namna hii haifi papo hapo. Husaliwa na akiba kidogo ya umeme ndani ya mita, inayotosha milisekunde chache. Katika muda huo habari ya kukatika hupewa nafasi ya mbele. Kila kazi huachwa, na tarakimu zilizosalia huandikwa katika kumbukumbu isiyosahau. Umeme urudipo, mama mjane aliyenunua uniti kumi na kutumia tatu hukuta saba. Hajui kwamba kulikuwa na kinyang'anyiro cha milisekunde juu ya fedha yake, na haimlazimu kujua. Huo ndio uungwana wa mashine iliyoandikiwa programu vizuri: katika pumzi ya mwisho haijitafutii nafsi yake, bali hutunza amana ya mwingine.

Walakini madaraja peke yake hayatoshi, na hayo yalidhihirika mbali sana na Ruvuma. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua katika sayari ya Mirihi, na baada ya siku chache mashine yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Uchunguzi ulionyesha kwamba kazi ndogo ya daraja la chini, iliyokusanya habari za hali ya hewa, ilikuwa ikishika ufunguo wa njia ya pamoja ya mawasiliano. Kazi ya daraja la juu iliungoja ufunguo huo. Lakini kabla mdogo hajaurudisha, walikuja wa daraja la kati, wakamkatiza kwa haki kamili ya sheria, wakaendelea na shughuli zao. Mkubwa akangoja mdogo, mdogo akangoja wa kati, na wa kati hawakujua. Wahandisi walipotuma marekebisho kutoka duniani, dawa ilikuwa hii: yeyote ashikaye ufunguo ambao mkubwa anaungoja na aazimwe daraja la mkubwa huyo mpaka aurudishe. Yaani mnyonge asitazamwe kwa cheo chake tu, bali kwa kile kinachomtegemea. Binti aliyesimama mlangoni akibisha hodi hakuwa na cheo katika nyumba ya kaka yake. Lakini neno alilolishika lilikuwa la mama.

Inasemekana kwamba dunia ya sasa ni dunia ya makatizo. Simu iliyo mfukoni hulia kwa ajili ya msiba, na hulia vivyo hivyo kwa ajili ya tangazo la sabuni. Wapo washauri wanaofundisha kuizima kabisa, na wapo wanaoitii kila mara iliapo. Wote wawili wamekosa lile ambalo fundi wa maikrokontrola hulazimika kulitenda kabla mashine haijawashwa: kukaa chini, wakati hapana kelele, na kuandika namba. Mtu asiyepanga madaraja yake mapema hupangiwa na mwenye sauti kubwa. Na mtu asiyeweka alama kabla ya kuinuka hawezi kulaumu hodi kwa kuipoteza kazi yake. Hodi ilichukua dakika moja, na uzembe wake ukachukua mchana.

Kijana wa mfano huu aliendelea na chombo chake. Alibadili miguu ya waya, akazifupisha programu za mlangoni, akaufunga mlango pale tu mafungu mawili yasomwapo. Jioni moja, kengele ya abasia ilipokuwa ikilia, mdogo wake alibisha hodi. Kijana alikuwa katikati ya mstari. Alimaliza neno moja alilokuwa akiliandika, akachukua kalamu na kuandika katika kipande cha karatasi namba ya mstari na jambo lililokuwa likifuata, akakiweka juu ya meza. Kisha akafungua mlango, akasema, "Karibu, mdogo wangu." Msichana alikuwa ameleta ugali na maharage, na salamu za mama. Walikula pamoja pasipo haraka. Usiku ulipoingia, kijana alirudi mezani, akakisoma kipande cha karatasi, akaendelea na neno lililofuata.